Kilio cha Mama Mkubwa

Kazi yangu ni kutengeneza sauti za michezo ya kuigiza. Natunga muziki wa jukwaani, na natengeneza sauti zote zisizotoka vinywani mwa waigizaji: mvua, mlango, kelele za sokoni, gari linalokataa kuwaka. Ndugu zangu wakiulizwa husema napiga muziki, nami nimeacha kuwasahihisha. Hapa Mwanza watu wa kazi hii tunatosha kwenye benchi moja na nafasi ya mikoba ikabaki.

Nilianza kwa kupiga kinanda kwenye kwaya ya kanisa, kisha kikundi cha maigizo kikaniazima na hakikunirudisha. Mvua yangu ya kwanza ilikuwa choroko kwenye ungo. Moto niliupata kwa kufikicha mfuko wa nailoni karibu na kipaza sauti. Mawimbi ya ziwa niliyatoa kwenye beseni la kufulia, kwa sababu ziwa lenyewe, ukilirekodi pale kwenye mawe ya Ilemela, linasikika kama mtu anayesukutua. Nilipenda kuwaambia watu, kwa majivuno, kwamba sauti ya kweli mara nyingi haifai jukwaani. Ningeliamini neno langu mwenyewe, leo nisingekuwa na habari hii ya kuandika.

Michezo yetu mingi ilikuwa ya kampeni. Nawa mikono, lala ndani ya chandarua, usimwoze binti yako. Inaandikwa na watu wenye haraka, na kwenye karatasi yangu huja maneno yaleyale: weka muziki wa huzuni hapa. Nilikuwa na wimbo mmoja wa huzuni uliomzika mtoto wa kuhara, mama wa malaria na mvuvi aliyepanda mtumbwi bila jaketi la kuokolea, na hakuna aliyelalamika.

Halafu ukaja mchezo mmoja wa kweli, usio na ujumbe wa mtu. Ulimhusu mwanamke mwenye nyumba juu ya mawe, iliyopigwa alama ya X nyekundu ibomolewe, na kabla ya siku ya kubomolewa mumewe anafariki. Kwa mara ya kwanza nilihisi miaka yangu ya choroko na mabeseni ilikuwa inanileta mahali. Tatizo lilikuwa kilio. Mwigizaji wetu alikuwa hodari kwa kila kitu, ila ikifika pale pa kumlilia mume, kwa maneno ya mwongozaji, alilia kama mtu anayeagiza chai. Tulijaribu wiki mbili. Mwongozaji akaniambia nitafute njia, kilio kitoke kwenye spika, mama wa watu asimame tu na kuinamisha kichwa.

Wiki hiyohiyo baba mkubwa akafariki, mume wa dada yake mama yangu.

Inabidi nieleze mama mkubwa alikuwa nani. Kwa kazi alikuwa fundi cherehani, pale Igogo. Kwa ukoo wetu yeye ndiye aliyekuwa na kilio. Mtu akifa, wanawake walikusanyika wakamsubiri. Alianzia kwenye kona ya barabara, akija huku anamwita marehemu na kumtajia mambo yake, mema na mabaya, na akifika mlangoni ndipo wengine wakampokea. Hakufundishwa na mtu wala hakujisifu nacho. Watu walisema marehemu ambaye hajaliliwa na yeye hajajua kama amekufa.

Siku ya msiba wa mumewe niliingia ndani na wanawake wenzangu, nikaketi mkekani, kinasa sauti kikiwa mapajani chini ya kitenge. Nilikuwa nimekiwasha kabla sijavua viatu.

Alimlilia mumewe kwa kumgombeza. "Ulisema Jumamosi utatengeneza kitasa. Jumamosi ipi, baba? Mlango nitaufunga na nini? Umeondoka na ufunguo mfukoni, mimi nibaki nje kama mgeni?" Kisha sauti ikapanda mpaka mahali ambapo maneno hayafiki. Nilimpenda sana baba mkubwa. Ndiye aliyenibeba mgongoni kunipeleka hospitali nilipovunjika mguu. Nikaanza kulia. Nikaacha, kwa sababu pua yangu ilikuwa inaingia kwenye rekodi.

Nilifanya kazi ile kwa ustadi wote nilio nao. Nilichuja vikohozi, nikaondoa jina la marehemu kila lilipotajwa, nikaishusha sauti kidogo isifanane sana na yake, nikalaza chini yake noti tatu ndefu za kinanda. Ruhusa sikuomba. Nilijiambia mjane hasumbuliwi na mambo ya kompyuta. Ukweli ni kwamba niliogopa atakataa.

Mwongozaji alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akasema nisiiguse tena. Mwigizaji ndiye aliyenijia pembeni.

"Dada, hii ni sauti ya msiba wa kweli."

"Ni sanaa," nikamwambia.

"Hakuna maiti, halafu tunapiga kilio kila siku saa nane? Huo ni uchuro, dada yangu."

Nilicheka. Kwenye ukumbi watu walilia kweli, wanaume wazima walitoka nje kujifanya wanapokea simu. Nilipongezwa kuliko nilivyowahi kupongezwa tangu nizaliwe, na nasema wazi kwamba nilifurahi.

Kisha tukaambiwa tuuonyeshe uwanjani, hadharani, bure. Uwanja ulikuwa Igogo. Nilijua vizuri ni mitaa mingapi kutoka pale hadi kwenye cherehani ya mama mkubwa. Lakini nilikuwa na habari kwamba amekwenda Usagara kwa binti yake kupumzika, nikaona Mungu amenipangia. Sikuuliza kama amerudi.

Ilikuwa saa kumi jioni, jua kali bado, spika mbili kubwa juu ya kigari. Kilio kikaanza. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, ukaichukua sauti ukaipandisha mlimani kwenye nyumba.

Kwetu kilio kikisikika mtu haulizi. Unaacha chungu jikoni, unajifunga kitenge, unakwenda. Ukiwa na kuni unabeba, ukiwa na unga unabeba, maana wafiwa hawapiki. Mimi nimelelewa hivyo, na katika hesabu zangu zote za mwangwi na upepo sikulikumbuka hilo hata kidogo. Wanawake wakaanza kutokea kwenye vichochoro, mikono kichwani. Mmoja alikuwa na kuni kwapani, mwingine beseni la unga. Wawili walikuwa wanalia tayari. "Ni nani? Jamani, nani ametutoka?" Watazamaji wakawacheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Nyuma yao akaja mama mkubwa, utepe wa kupimia nguo ukiwa bado shingoni. Alikuwa anakuja kumlilia mtu asiyemjua. Mdomo alikuwa ameshaufungua. Ndipo spika ikasema habari ya kitasa na Jumamosi.

Alisimama. Akasikiliza kama mtu anayeitwa na hajui anaitiwa wapi. Kisha akaniona, akaja mpaka kwenye meza yangu.

"Zima."

Nilitazama saa kwenye kompyuta. Mwigizaji alikuwa ameinamisha kichwa, uwanja mzima umenyamaza, na noti ya tatu ya kinanda ilikuwa bado haijaingia.

"Mama, zimebaki dakika mbili," nikasema.

Nilisema hivyo. Nimetafuta kwa miaka namna ya kulikumbuka neno lile likiwa tofauti kidogo, na sijaipata. Hakubishana nami. Alisimama pale kando ya meza dakika zote mbili, akijisikiliza anavyomlilia mumewe mbele ya watu wanaokula karanga. Ilipokwisha watu wakapiga makofi. Akafungua kitenge alichojifunga kiunoni, akakikunja, akaondoka nacho mkononi.

Mama yangu alinipeleka kuomba radhi. Tulibeba sukari na doti ya kitenge, nikapiga magoti mlangoni. "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akatuwekea chai. Nilieleza mambo mengi ya kipuuzi kuhusu sanaa, mama yangu akanifinya.

"Ile sauti nilimpa mume wangu," mama mkubwa akasema. "Haikuwa yangu tena. Ulikuwa umwombe yeye." Akakata uzi kwa meno. "Nimekusamehe. Mtoto wa mdogo wangu nitakutupa wapi?"

Wiki ileile nilifuta kila kitu: kwenye kompyuta, kwenye kinasa sauti, kwenye flashi ya mwongozaji. Sikumwambia mama mkubwa, niliona ni kama kumdai shukrani kwa kumrudishia mali yake. Mchezo tuliuonyesha mara mbili tena, mwigizaji akiagiza chai, kisha ukafa.

Nilidhani basi, yamekwisha. Miezi michache baadaye akafariki jirani, mzee wa watu, na wanawake wakamsubiri mama mkubwa kama kawaida. Alitokea kwenye kona ya barabara. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alitembea kimya mpaka mlangoni, akaingia, akaketi. Wanawake wakatazamana, kisha wakaanza wenyewe, huyu huku na yule kule. Alimwambia mama yangu, na mama yangu akaniambia mimi kwa sababu hakujua ampelekee nani mwingine: "Nikitaka kuanza naisikia kwenye spika. Naisikia kabla sijaitoa."

Ikawa hivyo kwenye msiba wa pili, na wa tatu. Hakuna aliyenisema usoni. Nilipewa tu masufuria ya kuosha nyuma ya nyumba, mbali na mkeka, na nikayaosha. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema, lakini mimi niliwalisha wa kwetu wote, hata na waliokwisha kufa.

Kazi niliendelea nayo. Siku hizi waongozaji wanakuja na sauti zao kwenye simu, mvua ya nchi nyingine, mbwa wa nchi nyingine, nami naweka pale ninapoambiwa. Sijatunga kitu cha maana tangu wakati ule.

Kisha figo za mama yangu zikaanza kushindwa. Alikaa kwangu Ilemela, kitanda kikitazama dirisha, na hakuogopa kama nilivyoogopa mimi. Alikuwa na jambo moja tu. "Dada yangu atanililia," alisema. "Kwa wengine ameshindwa, sawa. Kwangu mimi hawezi kushindwa." Alilisema akinywa dawa, akalisema nikimwogesha. Mama mkubwa alikuja kila Jumapili, wakakaa wameshikana mikono kama wasichana, na sikusikia wakilizungumza hilo. Mimi nilimwomba Mungu jambo hilohilo, afya nikaiweka ya pili. Niliona mama akiliwa na ugonjwa naweza kustahimili. Akizikwa kimya kwa ajili yangu, sitaweza.

Alifariki Jumatano asubuhi. Kufikia saa nne wanawake walikuwa wamejaa sebuleni, wametulia, kila mmoja ameelekeza sikio barabarani. Nilimwona kupitia dirishani akipanda njia ya mawe, ameshikwa mkono na binti yake. Kwenye kona akasimama. Akavuta pumzi, mabega yakapanda, akafungua mdomo wazi kabisa. Nilihesabu bila kutaka, kama ninavyohesabu kabla ya muziki kuingia. Mabega yakashuka. Akaanza tena kupanda, taratibu, akaingia, akaketi kando ya mdogo wake.

Basi nikasema nitalia mimi. Ni mama yangu, nani mwenye haki zaidi? Nilianza, na sauti ilipotoka nikasikia chumba: bati juu, ukuta mtupu, mwangwi mfupi. Nikasikia kwamba nimeanzia juu mno. Nikanyamaza. Wanawake wachache wakalia chinichini, kwa adabu, kama wanavyoliliwa wageni.

Jeneza lilipokuwa linafungwa mama mkubwa akanivuta kitenge. Nikainama.

"Kile cha baba yako mkubwa," akaninong'oneza, "bado unacho kwenye mashine?"

Sikuelewa kwanza. Macho yake yalikuwa makavu, na alikuwa ananiomba. Hajawahi kuniomba kitu maishani.

"Nilikifuta, mama."

"Chote?"

"Chote. Wiki ileile."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. "Ungekiacha," akasema. "Leo tungempigia."

Akaninyooshea mkono nimsaidie kuinuka, kwa sababu wanaume walikuwa wamekwisha kuingia kumbeba.