Mvua, Mto, Kisima, Ndoo

Juzi, hapa mtaani kwetu Bigo, mjukuu wangu alikuwa akifuta jibu lake katika zoezi la mtihani wa kuingia sekondari: toa neno lisilofanana na mengine. Harufu ya kile kifutio ilinirudisha darasani, mvua ikipiga mabati.

Mwalimu alikuwa ameandika: mvua, mto, kisima, ndoo. Dada yangu Furaha, aliyetuchotea maji nyumbani na kuyabeba kichwani, alitoa mvua.

“Ile ingine yote iko inaniumiza shingo, Mwalimu. Mvua inakuya yenyewe.”

Darasa likacheka.

“Futa, ao sitakuandika kwa mutihani.”

“Siwezi kufuta. Iko kweli.”

Mwalimu akanigeukia. Niliamini kila fumbo lina jibu moja tu, limefungiwa kabatini mwake. Nikasema, “Ndoo.” Akaandika jina langu kwenye orodha ya mtihani, la Furaha akaliacha. Jioni nilikunywa maji aliyoyachota, wala sikumwomba msamaha. Sikumwomba hata tulipozeeka, hadi nikamzika.

Juzi nikaushika mkono wa mjukuu uliokuwa na kifutio. “Koko, nisipofuta mwalimu atanipa zero,” alisema.

“Weye uko na sababu yako?”

“Niko nayo.”

“Basi usifute. Kesho tunaenda wote, nitamwambia mimi mwenyewe.”