Siku Nilipotangaza Kwamba Mke Wangu Alijua Kijerumani

Hapa Kawetele kuna watu wananiita Mjerumani. Siwakasirikii, kwa sababu jina hilo nilijitafutia mwenyewe, mchana kweupe, nimeshika kipaza sauti mbele ya ukumbi mzima wa wazazi na wanafunzi, nikiwa nimevaa lile koti jeusi nililomzikia mke wangu. Kila mtu anausimulia mkasa huu kivyake na wengine wanauongezea chumvi, kwa hiyo nimeona niuandike mwenyewe ulivyokuwa, na aibu yangu yote ndani yake.

Nianze na vitabu. Mke wangu, Mama Atu, alikuwa na vitabu sita vya hadithi za wasichana wa shule ya bweni huko Ulaya. Alipewa na mtawa mmoja mzee wa Kizungu ambaye Mama Atu alikuwa akimfulia nguo kule Igogwe, siku mtawa huyo alipokuwa anafungasha kurudi kwao. Vyote sita vinafanana: kwenye jalada kuna wasichana wenye kofia na soksi ndefu, wanakimbia kwenye majani kama ndama waliofunguliwa zizini. Ni hadithi moja inayoendelea, kitabu cha kwanza mpaka cha sita, ya msichana anayeitwa Agnesi na wenzake wa bweni. Mimi niliishia darasa la saba, na Kiingereza changu ni cha kusoma mfuko wa mbolea, lakini Mama Atu alifika kidato cha pili, tena shule ya bweni, kabla baba yake hajafariki na yeye kurudishwa nyumbani kulea wadogo zake. Kwetu sisi msomi alikuwa yeye.

Mvua ya huku mnaijua, ikianza saa nane mchana haina haraka ya kwenda popote. Basi siku za mvua tulikaa jikoni, mimi namenya ndizi za kupika mbalaga, binti yetu Atupele amekaa miguuni pa mama yake, na Mama Atu anafungua kitabu magotini, anatazama ukurasa, anatazama moto, kisha anatusomea kwa Kiswahili, na utamu ukizidi anahamia Kinyakyusa. Kitabu nilichokipenda kuliko vyote ni cha nne. Humo Agnesi na wenzake wanaokota ndama aliyefiwa na mama yake, wanamficha bwenini, wanamvalisha sweta na kilemba, wanamlisha vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa, na mwalimu mkuu wao, anayeitwa Bibi Mkuu, akipita kuhesabu watu asubuhi, ndama anahesabiwa kama msichana wa arobaini na moja. Ndama akilia, bweni zima linaanza kuimba wimbo wa kanisani, sauti ya nne, ile nzito ya chini, ili mlio upotee humo humo.

(Mtaniuliza, wewe mtu mzima, hukushangaa migomba imefikaje Ulaya? Nilishangaa. Nikajijibu kwamba kama wao waliweza kutuletea chai, mgomba utawashinda nini.)

Lakini mwisho wa kitabu hicho hauchekeshi. Agnesi anafiwa na baba, anarudishwa nyumbani, anaambiwa masomo basi. Ndipo Bibi Mkuu anatoka shuleni kwa miguu, mvua inamnyeshea, viatu kavishika mkononi, anafika msibani, anakaa mkekani na wafiwa bila kusema neno, na siku ya tatu anasimama na kusema, "Nimekuja kumchukua mwanangu." Kila Mama Atu alipofika hapo alifunga kitabu na kwenda kuangalia sufuria, hata kama motoni hakukuwa na sufuria.

Mama Atu alifariki mwaka juzi. Makaburini wasifu wa marehemu ulisomwa kama ilivyo desturi: alizaliwa, alibatizwa, alisoma hadi kidato cha pili, aliolewa, alijaliwa mtoto mmoja, aliugua. Nusu ukurasa. Msomaji alimaliza kabla sijatoa leso mfukoni. Na mwandishi wa wasifu huo ni mimi, siwezi kumlaumu mtu. Tangu siku hiyo ile nusu ukurasa ilinikaa kooni, nikawa natafuta tu mahali ambapo jina la mke wangu litatajwa tena kwa sauti na watu watasikia kwamba kulikuwa na zaidi.

Atupele wakati huo alikuwa kidato cha kwanza, naye shule ya bweni ya wasichana, humu humu wilayani. Baada ya matanga akasema harudi, atabaki anipikie. Asubuhi yake nilibeba sanduku lake kichwani nikatangulia mvuani, nikamwambia, "Agnesi alirudi." Akachukua ndoo yake akanifuata.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Ilikuwa siku ya wazazi, na shule ilikuwa inafungua maktaba, kila mzazi ameombwa alete kitabu au chakula cha wanafunzi. Atupele alinipigia kwa simu ya matroni.

"Baba, wewe lete ndizi tu."

"Nilikuwa nafikiria kuleta na vitabu vya mama."

"Baba, tafadhali. Vile viache nyumbani."

Iliniuma. Nilidhani mtoto ameshaona vitabu vipya vya mjini na sasa anavionea aibu vya mama yake vinavyonuka moshi. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, na yote yaliyofuata yalitoka hapo: nilifunga kitabu cha nne kwenye kipande cha kitenge cha marehemu, nikakiingiza mfuko wa ndani wa koti, nikajitwika mkungu wa ndizi nikaenda.

Ukumbini wazazi walipanga mstari. Unafika mbele, unamkabidhi mkuu wa shule ulicholeta, anakushukuru, unakwenda kukaa. Mbele yangu alikuwa jirani yangu Baba Lusajo, mtu ambaye mdomo wake haupumziki hata kanisani, alitoa debe la maharage akakaa. Watu wote walitoa wakakaa. Mimi nilipofika niliweka mkungu chini, nikatoa kitabu, nikamwambia mkuu wa shule, "Madam, naomba niseme neno moja," naye kwa upole wake akanipa kipaza sauti.

Jamani, mimi si msemaji. Msibani kwangu mwenyewe nilisema asanteni nikakaa. Lakini siku hiyo sijui nini kilinifungua, nikasimulia kitabu chote, bweni, sweta, kilemba, sauti ya nne, na nilipofika kwenye ndama kuhesabiwa wa arobaini na moja ukumbi mzima ulikuwa unacheka, mpaka walinzi wamechungulia dirishani. Kichwa kikavimba. Nikasema, "Na haya si maneno yangu, yameandikwa humu. Mwalimu wa Kiingereza aje awasomee mwenyewe ukurasa wa ndama."

Akaja mwalimu wa Kiingereza, binti mdogo wa heshima. Akafungua kitabu. Akafungua kurasa nyingine. Akatazama jalada. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, ila kipaza sauti kilikuwa pale pale, "Shikamoo Baba. Kitabu hiki mama alikuwa anakisoma mwenyewe?"

"Marahaba. Kwa macho yake mawili."

"Kwa sababu hiki si Kiingereza, Baba. Hiki ni Kijerumani."

Mtu mwenye akili angeshukuru akakaa. Mimi nilisimama pale nikahesabu haraka haraka: mke wangu alikuwa mnyenyekevu, hakuwa mtu wa kujisifu, basi kumbe alikuwa anajua lugha nyingine akanificha. Machozi yakanilengalenga kwa fahari. Nikavuta kipaza sauti.

"Ndugu wazazi, mmesikia wenyewe! Mke wangu alikuwa anajua Kijerumani!"

Watu wakapiga makofi, mama mmoja nyuma akapiga vigelegele. Baba Lusajo akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake, "Alijifunzia wapi, Baba Atu? Shambani kwenye chai?"

"Kidato cha pili!" nikamjibu.

Hapo walimu nao wakaanza kuinamisha vichwa. Niliona wananicheka, na badala ya kunyamaza nikatafuta shahidi. "Kama hamniamini, binti yangu yupo hapa, ameyasikia yote. Atupele! Njoo mbele uwaambie."

Akatoka katikati ya wenzake taratibu. Alipiga goti mbele ya mkuu wa shule, akasimama, akapokea kitabu kwa mikono miwili. Ndipo nilipouona uso wake nikajua nimefanya jambo, ingawa sikujua ni jambo gani.

"Baba," akasema, "mama hakujua Kijerumani. Vya Kiingereza ni viwili vya kwanza tu, na Kiingereza chake kilifika katikati ya cha pili. Kuanzia hapo alikuwa anatunga."

Nikamuuliza, "Ulijua lini?"

"Nilipoanza kidato cha kwanza. Likizo nilijaribu kusoma mwenyewe. Nikamuuliza mama."

"Mbona hamkuniambia?" (Nilisahau kwamba kipaza sauti bado kiko mdomoni mwangu.)

"Alisema, mwache baba yako. Akisikiliza anamenya ndizi nyingi."

Hapo ndipo Baba Lusajo alipojipiga mapaja kwa mikono. "Mwacheni Mjerumani wa watu amenye ndizi!" Ukumbi ukapasuka. Walicheka wazazi, walicheka wanafunzi, yule mwalimu mdogo alificha uso kwa viganja, hata mkuu wa shule niliona mabega yake yanatikisika. Nikaweka kipaza sauti mezani kwa uangalifu kana kwamba ni yai, nikafunga vifungo vya koti, nikaelekea mlango wa karibu nitoke zangu. Nikaufungua, nikaingia, nikaufunga. Ilikuwa stoo ya mafagio.

Sikutoka mara moja. Nilisimama mle gizani pamoja na mafagio na ndoo za deki, nikifikiri kwamba nimekuja kumtukuza mke wangu na sasa nimemfanya mwongo mbele ya shule nzima. Nilikuwa nasubiri kicheko kiishe. Kikaisha, lakini kwa namna ya ajabu, kama mvua inapokatika ghafla. Nikasikia sauti ya Atupele. Hakuwa ananitetea. Alikuwa anasimulia mwisho wa kitabu cha nne.

Maneno yalikuwa ya mama yake yote, hata pale anapohamia Kinyakyusa. Agnesi anafiwa. Anaambiwa masomo basi. Bibi Mkuu anatembea mvuani, viatu mkononi, anakaa mkekani na wafiwa, na siku ya tatu anasimama na kusema, "Nimekuja kumchukua mwanangu."

Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo labda mara hamsini, nikiwa na kisu na ganda la ndizi mkononi, na sikuwahi kuyaelewa mpaka niliposimama na mafagio. Mama Atu alipofiwa na baba yake alikaa mkekani akiwa na miaka kumi na sita, na hakuna aliyetembea mvuani kumfuata. Kwa hiyo aliyepaswa kuja, alimtunga. Na huyo aliyetungwa ndiye aliyenituma mimi, mtu wa darasa la saba, kubeba sanduku la mwanangu kichwani.

Ikabidi nitoke stoo. Hakuna aliyecheka. Wasichana wa mbele walikuwa wanafuta macho kwa mikono ya sweta zao, na Baba Lusajo, yeye mwenyewe, alikuwa amevua kofia anaichunguza ndani kama vile kaona mdudu.

Mkuu wa shule alifungua daftari la maktaba lililoandaliwa siku ile, akashika kalamu. "Mwanangu, kitabu hiki niandike mwandishi ni nani?"

Atupele alinitazama, nami nikamwitikia kwa kichwa. Akalitaja jina la mama yake, lote, polepole, na mkuu wa shule akaliandika huku akilirudia kwa sauti. Likasikika mpaka nje.

Wakati wa chakula nilimwomba mwanangu radhi, kwamba nilidhani anamwonea mama yake aibu. Akasema hapana, alikuwa anaogopa nitajua. "Ulikuwa unazipenda sana hizo hadithi, Baba." Nikamwambia sasa nazipenda zaidi. Na kweli hivi sasa anaziandika kwenye madaftari, moja baada ya jingine, na wenzake wanagombania kusoma kabla wino haujakauka. Likizo iliyopita alinisomea ya ndama. Nilimenya ndizi karibu mkungu mzima.

Kwa upande wangu nimeapa mambo mawili. Sitasema tena "neno moja" kwenye kipaza sauti, na sitafungua tena mlango ukumbini bila kuuliza unakwenda wapi. Hayo ndiyo niliyojifunza, mengine nawaachia wasomi.

Ila jambo moja nililitengeneza jioni ile ile, kabla sijavua koti. Nilitoa ile karatasi ya wasifu kwenye Biblia, nikatafuta kalamu. Nilitaka kuandika alitunga vitabu sita, lakini Mama Atu hakupenda sifa isiyo yake, na cha kwanza alikisoma kweli, na cha pili alikifikisha katikati kwa haki. Kwa hiyo pale palipoandikwa alisoma hadi kidato cha pili, nikaongeza: *Alitunga vitabu vinne na nusu.*