Herufi Tatu za Wino Mwekundu

Karani wa ofisi ya ardhi pale Kwale ana vidole safi mno. Kila ombi analopelekewa hulilainisha kwa kiganja, huchovya kalamu kwenye wino mwekundu, huandika N.F.A., kifupi cha Kiingereza cha "hakuna hatua zaidi", na ombi hilo halijibiwi tena. Jumatatu Bi Jumwa, aliyetembea kutoka Mkongani mara ya nne kudai shamba la marehemu mumewe, alikataa kuondoka. "Mwanangu, herufi hizi zasemaje?" Karani akajikohoza, akaipangusa kalamu iliyokwisha kukauka. "Hata mimi sizijui, mama. Bwana mkubwa ndiye aliyekuwa akiziandika." "Bwana mkubwa gani?" akamaka Bi Jumwa. "Mzungu yule alipanda meli mwaka jana, siku chache baada ya Uhuru!" Karani akalilainisha ombi la Bi Jumwa kwa kiganja, akachovya kalamu.