Mama Mizani wa Uwanja wa Ndege

Barua ya uhamisho kutoka Bukoba kwenda Kigoma iliponifikia, mwaka 1995, nililia siku mbili. Sioni aibu kulisema. Bukoba nilikuwa na kwaya yangu, migomba ya mama na mchumba ambaye, tuseme tu, hakunifuata. Nikapewa meza katika kibanda cha mabati kando ya uwanja wa ndege, niandike majina ya abiria wa helikopta. Jasho lilinitoka tangu asubuhi na nilimchukia kila mtu aliyepita mlangoni.

Mtu wa kwanza kunichekesha Kigoma alikuwa Veneranda. Alikuwa mwanamke mfupi wa Katonga, miaka hamsini na kitu, sauti ya kuita watu kutoka upande wa pili wa mwalo, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi. Siku yangu ya kwanza alinisalimia kwa Kiha, "Mwakeye!" akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Dada, wewe ni kilo sabini na mbili." Nilikuwa nimejiandikisha hamsini na tano. Akanipandisha kwenye mizani, na Mungu ni shahidi, mshale ulisimama kwenye sabini na mbili.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kupima. Miaka ya wakimbizi mji ulikuwa umefurika. Boti zilishusha watu kutoka ng'ambo ya ziwa, sokoni Mwanga hapakuwa na pa kuweka mguu, na uwanja wetu, ambao zamani mbuzi walijilalia katikati yake, ulikuwa na ndege mchana kutwa. Helikopta ilipeleka dawa kambini siku za kazi. Jumapili ilikodiwa na wageni waliotaka kuiona milima ya Mahale kutoka juu, kisha wateremke ufukweni chini ya milima hiyo wakawatafute sokwe.

Rubani alikuwa Kapteni Leodgar, mtu wa Songea, mpole kupita kiasi isipokuwa kwenye suala la uzito. Mwanzoni, kabla sijafika, abiria waliulizwa kilo zao kwa mdomo. Wanawake walijipunguza, wazee wa ofisini wakajiongeza kwa fahari, na hesabu ikawa kichekesho. Kapteni akashuka Katonga kuuliza nani anapima bila kuiba. Wavuvi na wanunuzi wa dagaa hawajawahi kukubaliana juu ya kitu chochote, lakini siku hiyo wote walimtajia Veneranda. Alikuwa amepima dagaa miaka ishirini.

Kapteni alimweleza mara moja tu. Chini hapa, alisema, helikopta inaweza kunyanyuka na mzigo uliozidi na mtu asijue. Taabu inaanza kule juu, jua likiwa kali, vilele vimekuzunguka, hewa nyepesi. Unataka ipande, nayo inagoma.

"Ego, ndivyo," alijibu Veneranda. "Ni kama mtumbwi wa kaka yangu." Kaka yake, Elikana, alijaza magunia kupita kiasi kwa sababu ufukweni maji yalikuwa yametulia. Walipofika katikati ya ziwa upepo ukaamka, mtumbwi ukameza maji. Elikana aliokolewa akiwa amekumbatia dumu tupu, na mpaka leo hataki kusikia habari za kuongeza kitu kidogo juu ya mzigo.

Lakini hata Veneranda aliwahi kushindwa, na aliyemshinda ni ukarimu wa watu wa kwao. Mwezi wake wa kwanza kazini alipima wageni wanne vizuri kabisa, wakasimama pembeni kusubiri. Wenyeji wao wakaja kuwaaga. Sasa, Kigoma huwezi kumwacha mgeni aondoke mikono mitupu, watu watakusema mpaka uzeeni. Huyu akaleta galoni la mawese, yule kapu la dagaa, mwingine mananasi na jogoo. Helikopta ilinyanyuka kimo cha mlango, ikayumba, ikarudi chini kwa kishindo. Kapteni alitoka jasho linamchuruzika, akafungua mlango wa nyuma, na jogoo akatoka kwanza.

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Veneranda hakucheka. Kesho yake alichora mstari wa chokaa mbele ya mizani. Ukishapimwa unavuka mstari, na ukishavuka hupokei hata karanga. Zawadi zinapimwa pamoja na mwenye nazo, hata kama mtoaji ni mkuu wa wilaya. Wapo waliomnunia, wakasema amekuwa mzungu. Yeye akawajibu kwamba wazungu nao anawavua viatu vyao vya milimani. Watoto wa Katubuka, mtaa wa jirani na uwanja, wakampa jina la Mama Mizani, naye akaitikia.

Sasa nifike kwenye Jumapili ile ya mwaka 1997.

Binti yake wa pekee, Regina, alikuwa ameolewa katika kijiji kimoja chini ya milima ya Mahale. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza, na miezi mitatu ilikuwa imepita bila bibi kumwona. Meli ilikuwa kwenye kazi ya kurudisha wakimbizi makwao, na kwa boti za mizigo Veneranda hakuthubutu, alijua mno zinavyojazwa. Ubatizo ukapangwa Jumapili, saa tisa alasiri, katika kigango cha kijijini. Kapteni akamwambia, "Mama, Jumapili hiyo nina wageni watatu tu. Kiti kimoja ni chako."

Wiki nzima hakukuwa na kazi iliyofanyika. Alishonesha gauni la kitenge kwa fundi wa Mwanga, akanunua sabuni, sukari na shali nyeupe, akafunga furushi la kilo nane. Ndiyo, alilipima. Alinionyesha gauni mara sita, na mimi mwenye kisirani changu nilifurahi kama vile mtoto ni wangu.

Jumapili asubuhi wageni wakaja, na walikuwa wanne. Wa nne alikuwa Mzee Anatoli, mkubwa fulani kutoka Dodoma, aliyeongezwa jana yake jioni na waliokodi helikopta. Nilitamani kumsukumia ziwani. Ubaya ni kwamba alikuwa mtu mwema, mwenye kicheko kikubwa, aliyempa Veneranda shikamoo ya heshima ingawa walilingana umri. Akapanda mizani. Kilo mia moja na nne.

Kikomo chetu kilikuwa kilo mia nne. Wageni wote, wakiwa wameacha mabegi na kubaki na kamera zao tu, walikuwa mia tatu hamsini na nne. Veneranda alikuwa hamsini na sita. Aliliweka furushi lake chini, taratibu, akalisukuma kwa mguu nje ya mstari. Halafu akapanda mizani mwenyewe, kana kwamba uzito wake ungeweza kuwa umebadilika.

"Kilo kumi tu zimezidi," nilimnong'oneza. "Ni nusu ndoo ya maji, Mama Regina. Nani atajua?"

Mzee Anatoli alikuwa ameshasikia habari ya ubatizo. "Mama, panda," alisema. "Tutabanana. Dada, andika mia nne, dhambi hiyo naibeba mimi." Wageni wengine wakaitikia kwa furaha. Wote tulimtakia mema, hilo ndilo lililofanya jambo liwe gumu.

Kapteni alikuwa anakagua mashine. Akauliza kwa sauti, "Mama, ngapi?" Hakuwa amewahi kuangalia ule mshale mwenyewe. Alichoambiwa na Veneranda ndicho alichorukia.

Kalamu yangu ilikuwa imeshaandika nne.

Veneranda aliangalia milima, ambayo kutoka pale haionekani, aliangalia tu upande iliko. "Mia nne na kumi," alijibu. "Anashuka mtu mmoja. Anayeshuka ni mimi."

Kapteni alimvulia kofia, akapanda. Vumbi lilipotulia, Veneranda alikuwa amekaa juu ya furushi lake, gauni jipya mwilini, anafuta mizani kwa upindo wa kanga. Mimi nililia, kwa hasira. Yeye aliniambia niache kulia, ninapoteza kilo bure.

Saa nane na nusu mchana tulisikia mlio. Wageni walikuwa wamebaki ufukweni kulala kwenye kambi ya watalii, kwa hiyo helikopta ilitakiwa kurudi tupu. Kapteni alishuka, akaja moja kwa moja kwa Veneranda. "Kule kwenye vilele leo hewa ilikuwa ya moto," alimwambia. "Ilipanda kwa kujivuta, Mama. Zile kilo kumi zingetuangusha." Kisha akageuka, akafungua mlango wa nyuma.

Regina akateremka, amevaa nguo zake za ubatizo, mtoto kifuani. "Padri amesema hata hapa Kigoma kuna maji," alisema.

Veneranda alipiga yowe la Kiha, la mtu anayemwita mama yake, "Mawe weee!" akakimbia. Alipofika kwenye mstari wa chokaa akasimama ghafla.

"Huko mlikopandia," aliuliza, "nani alikupimeni?"

"Mama!" alisema Regina.

"Nilikadiria kwa macho," alijibu Kapteni, kwa unyonge.

"Kwa macho!" Akampokea mtoto, akatandika shali nyeupe juu ya mizani, akamlaza. Akainama kusoma mshale. Akapangusa macho, akainama tena. Kichanga kilimtazama, kikapiga teke.

"Joanitha," aliniita, "njoo unisomee. Leo sioni."

Nikavuka mstari. "Kilo sita na robo," nilisoma.

"Andika," alisema, akacheka huku machozi yakimtiririka. "Andika vizuri, usipunguze hata kidogo."