Bei ya Kwanza ya Mwalimu Nasimiyu

Kabla hajamfundisha mtu Kiingereza, Phelista Nasimiyu aliuza vitunguu sokoni Chwele, na vitunguu ndivyo vilivyomsomesha chuo cha ualimu. Basi alipopata kazi katika shule moja ya sekondari msingi nje kidogo ya Kitale, darasa aliliendesha kama kibanda: taja bei ya juu, ngoja mteja alie, shuka polepole.

Kila muhula ulipofunguliwa alisimama mbele ya gredi ya tisa akasema, "Insha ni Jumatatu. Asiyeleta asikanyage hapa mpaka aje na mzazi." Moyoni aliitaka Jumatano. Wazazi walilijua hilo. Hodari wao alikuwa Mama Emmy, muuza mitumba, aliyemvizia langoni.

"Mwalimu, Jumatatu ni kutuua! Si upunguze?"

"Emmy alikuwa na wiki nzima."

"Ati wiki! Na vyombo nani ataosha? Fanya Alhamisi, bana."

"Jumatano. Na hapo nimeumia."

"Haya. Wewe ungeuza hata mawe."

Zamani utani huo ulimchekesha. Sasa ulimchosha tu. Kutaja sheria ni kazi ndogo. Kuitetea langoni na jua likiwa utosini ndiko kulikommaliza.

Muhula huu, Jumatatu ilipofika, Nyambu, binti wa Wanyoike, mfugaji wa Endebess, akaja bila insha. Mwalimu akasema maneno yake yale yale. Msichana akabeba mkoba, akaenda zake. Kesho yake hakuonekana, wala kesho kutwa.

Nasimiyu hakutikisika. Mbinu hiyo aliijua: mteja anakupa mgongo, sikio ameliacha nyuma, anangoja aitwe. Ukimwita, umeuza kwa hasara. Hakuita.

Wiki ikaisha, nyingine ikashika. Ijumaa ilikuwa siku ya kupimwa kusoma kwa sauti, alama zinazohesabiwa kwenye mtihani wa mwisho, na asiyekuwepo hana lake. Alhamisi jioni, miguu ikimwaka moto, Nasimiyu akapanda bodaboda hadi Endebess.

Alimkuta Wanyoike kando ya zizi, mguu umo kwenye plasta. Nyambu alikuwa anakamua.

"Baba Nyambu, mtoto mbona haji shule?"

"Si ulisema asirudi bila mzazi? Ng'ombe alinivunja mguu. Nikipona nitakuja."

"Ungetuma hata neno, tuongee."

"Tuongee nini, mwalimu? Ulishasema."

"Wenzako huja wakanibembeleza, nikashusha."

Wanyoike alimtazama kama mtu aliyeuziwa maziwa ya maji. "Mimi maziwa napeleka kiwandani. Wanataja bei, nakubali au namwaga. Sijawahi kubishana na mtu. Kumbe ile yako haikuwa bei?"

 Nasimiyu akamgeukia msichana.

"Insha iko wapi?"

"Iko, madam," Nyambu akasema bila kuinuka. "Niliimaliza jioni ile ile."

"Kesho uje mapema. Unasoma wa kwanza."

"Na mzazi je?" akauliza Wanyoike.

"Mzazi nimeshamwona."

Ijumaa Nyambu alisoma wa kwanza, sweta likinuka zizi, wala hakukwama popote. Nasimiyu alimpa alama zake, akamwita anayefuata.

Muhula uliofuata alilitangazia darasa bei moja: insha ni Jumatano, haipandi wala haishuki. Asiyeleta ataketi darasani aiandike hapo hapo, wenzake wakienda kucheza. Alidhani amejipunguzia mzigo.

Jioni Mama Emmy alikuwa langoni, uso ukimng'aa.

"Jumatano! Leo umeanzia chini, mwalimu. Basi malizia Ijumaa."

"Haishuki, Mama Emmy."

"Ati haishuki!" Akacheka, akajitwika furushi lake, akaondoka polepole, hatua za mtu anayengoja kuitwa.

Nasimiyu aliutazama mgongo huo mpaka akauchoka. Kisha akashika njia ya nyumbani, bila kumwita.