Shamba Lililovuka Songwe

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa Isongole, wilayani Ileje. Mbele yangu alisimama mama mmoja mkulima, kavaa koti zito na kitenge begani. Mezani alikuwepo afisa mgeni kutoka Dar, shati la mikono mifupi, meno yanagongana kwa baridi yetu, akijaza fomu za mashamba ya kando ya mto unaotutenga na Malawi.

"Mama, shamba lako liko upande gani wa Mto Songwe?"

"Lilikuwa upande huu. Mvua zilipozidi, mto ukapita nyuma yake."

Kalamu ikasimama. "Kwa hiyo sasa liko Malawi?"

"Shamba liko palepale, mwanangu. Aliyehama ni mto."

"Na mahindi kavuna nani?"

"Nimevuna mimi. Shemeji yangu wa ng'ambo alinifukuzia nyani mpaka yakakauka. Mwaka juzi mto ulilileta shamba lake huku, nami nikamlindia."

Afisa akakuna kichwa. "Sasa hapa niandike nini?"

Mama akavua kile kitenge, akamfunika mgeni mabegani, akasema, "Andika kwa penseli."

Foleni nzima tulicheka, lakini mimi nilirudi nyumbani kifua mbele. Wapo wakubwa wanaotunishiana misuli kwa sababu ya mpaka. Huku Ileje mto ukiondoka na shamba lako, unachouliza ni kama shemeji atapata nafasi ya kufukuza nyani.