Mshindani wangu na kompyuta ya mataa

Leo mshindani wangu amenizuia kununua kompyuta, na namshukuru.

Nilikuwa dukani Nakivubo. Kesho kwaya ya wake wa polisi inakuja kurekodi studioni kwangu, na mashine yangu ya zamani imekufa.

Nikachagua moja yenye mataa ya rangi na kadi kubwa ya picha. Muuzaji akanisifia: "Ssebo, bwana wangu, hii inacheza gemu zote."

Mara anaingia Okello. Studio yake inatazamana na yangu kule Ntinda. Hatujawahi kusalimiana vizuri.

"Ndugu, usichukue hiyo. Sauti haina haja ya kadi ya picha. Inataka prosesa yenye kasi."

Nikasema moyoni, huyu ana wivu.

Lakini hapa kwetu kitu hujaribiwa kabla ya kulipwa, na mimi hutembea na flashi yenye programu yangu na wimbo mmoja mzito. Tukaufungua. Kufika kiitikio, ikaanza kukwaruza kama redio mbovu.

Okello akanionyesha nyingine, nyeusi, haina hata taa. Wimbo uleule ukatoka safi mpaka mwisho, nikailipia hiyo.

Nikamuuliza alijuaje.

"Nilinunua hiyo ya mataa. Kwaya ikaja kwangu, ikakwaruza hivyohivyo, wakaondoka."

"Kwaya gani?" nikauliza.

"Hiyo ya wake wa polisi. Nasikia kesho wako kwako. Warekodi vizuri, bambi," akasema kwa upole.

Jamani, ninyi mngemjibu nini?

Mimi nimemwambia kesho aje, tukae kwenye mitambo wote wawili.

Amesema atakuja na spika zake.